Kihenge Kikijaa: Jinsi Kompyuta Nyingi Zinavyotunza Daftari Moja

Fikiri juu ya mzazi aliyeuza mpunga wake gulioni hapa Bukene. Kabla hajapanda baiskeli kurudi kijijini, atoa simu mfukoni na kumpelekea mwanawe asomaye Tabora Sh. 40,000. Baada ya kitambo kidogo simu ya mtoto yalia, naye aenda kwa wakala kuchukua fedha. Noti za baba hazikusafiri kwa gari moshi wala kwa basi. Kilichosafiri ni habari tu: katika daftari fulani, mbali na hapa, baba amepunguziwa Sh. 40,000 na mtoto ameongezewa kiasi kile kile.

Daftari hilo likipotea, fedha ya baba imepotea. Likijaa na kukataa maandishi mapya, mtoto atalala njaa ingawa baba ametimiza wajibu wake. Kwa hiyo yafaa tujue daftari la namna hii hutunzwa vipi, na huongezwa nafasi vipi bila kufungwa. Daftari la kompyuta huitwa hifadhidata. Likigawanywa katika kompyuta nyingi zinazofanya kazi kama moja, huitwa hifadhidata iliyosambazwa. Ajuaye kugawanya na kutafuta baki ataweza kufuata somo hili mpaka mwisho.

1. Mali ya Livingstone

Tuanze karibu na nyumbani. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ilipita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kuendelea Ujiji. Msafiri wa safari ndefu hakubeba mali yake yote. Aliitanguliza na kuiweka akiba katika vituo vya njiani.

Oktoba 1871, Dk. David Livingstone alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na amechoka. Alitumaini kukuta nguo na shanga zake, maana hizo ndizo zilizokuwa fedha za safari. Akakuta kwamba aliyekabidhiwa ameziuza zote. Lakini alikuwa na akiba nyingine Unyanyembe. Alipofika huko Februari 1872 pamoja na Stanley, alikuta sehemu ya mali imeibwa na nyingine imeharibiwa na mchwa, ila si yote. Kwa akiba hiyo, na kwa vitu alivyoachiwa na Stanley, aliweza kuondoka tena Agosti 1872.

Hapa pana mafundisho mawili. La kwanza: asiweke mtu mali yake yote chini ya paa moja na mlinzi mmoja. La pili ni tofauti kati ya nguo na habari. Jora moja la nguo haliwezi kuwa Ujiji na Unyanyembe kwa wakati mmoja, bali habari yaweza kunakiliwa na kuwa mahali patatu. Hiyo ni neema kubwa, lakini ina taabu yake: nakala tatu zaweza kusema maneno matatu.

2. Kihenge kikubwa au vihenge vingi

Mkulima ambaye kihenge chake kimejaa ana njia mbili. Aweza kukibomoa na kujenga kikubwa zaidi, au kujenga cha pili kando yake.

Ni vivyo hivyo kwa kompyuta. Njia ya kwanza ni kuikuza mashine ile ile kwa kuipa diski kubwa na kumbukumbu zaidi. Njia hii ni rahisi, na mara nyingi ndiyo ifaayo kwanza. Lakini ina kikomo, kwa sababu hapana mashine isiyo na mwisho. Tena mashine moja, hata iwe kubwa vipi, ikifa imekufa yote. Njia ya pili ni kuongeza mashine. Hii haina kikomo cha karibu, lakini inadai utaratibu, maana sasa ni lazima kujua kila habari imewekwa katika mashine ipi.

Biashara ya fedha za simu yatuonyesha jinsi haja inavyokua. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008. Kwa miaka ya mwanzo seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa nje ya nchi. Mwaka 2015 zikahamishiwa Kenya. Septemba 2025 kampuni ya Safaricom ilitangaza mtambo mpya wenye uwezo wa miamala 6,000 kwa kila sekunde, na uwezao kukuzwa hadi 12,000. Zidisha 6,000 kwa 60, utapata miamala 360,000 kwa dakika moja. Hapana karani awezaye kuandika hivyo katika daftari moja.

3. Hesabu ya kugawa

Tuseme tuna mashine tatu, nazo ni namba 0, 1 na 2. Kila mteja ana namba yake. Twaigawanya namba ya mteja kwa 3, na baki yatuambia aandikwe katika mashine ipi. Mteja namba 10 ana baki 1, basi aenda mashine namba 1. Mteja namba 11 ana baki 2. Mteja namba 9 hana baki, basi yuko mashine namba 0. Utaratibu huu waonekana mzuri sana.

Sasa mashine zimejaa, twaongeza ya nne. Tangu leo twagawanya kwa 4. Chukua karatasi, uandike wateja kuanzia 0 hadi 11, uone ni wangapi waliobaki mahali pao. Utakuta ni watatu tu: 0, 1 na 2. Tisa katika kumi na wawili sharti wahame, ingawa mashine mpya inahitaji watatu tu! Ni kama mkulima aliyejenga kihenge cha nne, kisha akamwaga karibu mavuno yote chini ili ayapange upya. Wakati wa kuhamisha, mashine zote zinashughulika na wateja wanasubiri.

Njia iliyo bora ni hii. Tangu mwanzo, gawa wateja wote katika mafungu 12 yasiyobadilika. Mteja habadili fungu lake kamwe. Fungu ndilo linaloweza kubadili mashine. Mashine tatu zitashika mafungu 4 kila moja. Ikija ya nne, kila mashine ya zamani itatoa fungu moja tu, na zote nne zitakuwa na mafungu 3. Mafungu matatu ndiyo yaliyohama katika 12, yaani robo, nayo ndiyo kadiri iliyohitajika. Hifadhidata iitwayo Redis, ikipangwa katika kundi la mashine, hufuata njia hii, ila mafungu yake ni 16,384.

4. Nakala si nafasi

Hapa ndipo wengi hukosea, hata watu wazima wenye kazi hiyo.

Tuseme tuna mashine tatu, na kila moja ina diski ya gigabaiti 100. Jumla ni gigabaiti 300. Lakini tumeamua kila fungu liwe na nakala tatu katika mashine tatu tofauti, ili moja ikifa zibaki mbili. Tuna nafasi ya habari kiasi gani? Si 300, bali 100 tu, kwa maana kila habari yala nafasi mara tatu.

Mtu akija akasema, "Daftari linajaa, ongezeni nakala," amekosa. Kuongeza nakala kutoka tatu hadi tano ni kuongeza usalama, wala hakutoi nafasi hata kidogo. Tena kila andiko litakuwa na kazi zaidi, kwani litapelekwa mahali patano badala ya patatu. Anayetaka nafasi aongeze diski, au aongeze mashine na kuhamishia mafungu kwake. Mashine zikiwa sita zenye gigabaiti 100 kila moja, na nakala zikibaki tatu, nafasi ya habari itakuwa 600 kugawanya kwa 3, yaani 200.

Kabla ya kuongeza chochote, basi, jiulize: Nimepungukiwa na nini? Nafasi, usalama, au wepesi? Kila upungufu una dawa yake.

5. Akidi

Sasa turudie ile taabu ya nakala zisemazo maneno tofauti. Dawa yake mmekwisha kuiona katika mikutano: ni akidi. Mkutano wa kamati hauwezi kupitisha neno bila idadi fulani ya wajumbe kuwapo. Hifadhidata nyingi zilizosambazwa hufanya hivyo hivyo. Andiko halihesabiwi kuwa limekubaliwa mpaka zaidi ya nusu ya nakala ziseme, "Nimeandika."

Kwa nini zaidi ya nusu? Chukua wajumbe watano. Watatu wakikubali jambo leo, na kesho wakakutana watatu wengine wowote, lazima awepo angalau mjumbe mmoja aliyekuwako jana, kwa sababu 3 na 3 ni 6, nao wajumbe ni 5 tu. Huyo mmoja atasema, "Ngojeni, jana tuliandika hivi." Akidi hukumbuka yaliyopita kwa njia hiyo.

Tazama hesabu hii:
Nakala 3: akidi 2, yaweza kuvumilia kupotea kwa 1.
Nakala 4: akidi 3; yaweza kuvumilia kupotea kwa 1.
Nakala 5: akidi 3, yaweza kuvumilia kupotea kwa 2.

Mwaona kwamba nakala ya nne haikuongeza uvumilivu wowote. Ndiyo maana aghalabu wataalamu huchagua 3 au 5.

Msidhani hatari ni kufa kwa mashine tu. Yawezekana mashine zote ni nzima, ila njia baina yao imekatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota sana Tanzania na katika nchi jirani. Kompyuta zilikuwa hai. Njia ndiyo iliyokatika. Kundi la mashine likikatwa vipande viwili, upande wenye akidi huendelea na kazi, na upande mdogo hukataa kuandika. Kukataa huko ni uaminifu. Ni heri mteja aambiwe "Jaribu tena baadaye" kuliko kuambiwa uongo.

6. Kontena na nahodha

Wengi wenu mmeyaona makontena juu ya mabehewa yaelekeayo bandari kavu ya Isaka. Biashara hiyo ilipata sura yake mpya mwaka 1956, Mmarekani Malcom McLean alipopakia makontena 58 katika meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Faida yake ni kwamba mpakiaji hana haja ya kujua kilichomo ndani. Chombo chochote chaweza kulibeba, maana vipimo ni vya namna moja.

Mafundi wa kompyuta walilichukua neno hilo. Kontena yao ni programu iliyofungwa pamoja na kila kitu inachohitaji, hata iweze kuendeshwa katika mashine yoyote. Docker, iliyotolewa mwaka 2013, ndiyo iliyoeneza desturi hiyo. Makontena yakawa mengi, na yakahitaji msimamizi wa kuamua lipi likae mashine ipi, na likifa lifufuliwe wapi. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitangaza msimamizi aitwaye Kubernetes, neno la Kiyunani lenye maana ya nahodha ashikaye usukani. Toleo lake la 1.0 lilitoka Julai 2015.

Kwa programu nyingi kontena likifa si msiba. Nahodha huleta jingine mara moja. Lakini kontena la hifadhidata ni kama mpagazi mwenye mzigo. Mpagazi akianguka njiani, kumpata mwingine hakutoshi; sharti ajulikane mzigo wake ni upi, naye aliyekuja aubebe ule ule. Kwa hiyo Kubernetes ina utaratibu maalumu kwa kazi kama hii. Kila kontena hupewa jina lenye namba: 0, 1, 2 na kuendelea, pamoja na diski yake ya kudumu iliyo nje ya kontena. Namba 1 ikifa, huzaliwa namba 1 nyingine na kukabidhiwa diski ile ile. Kwa desturi huongezwa kwa kufuatana, na zikipunguzwa, ya mwisho ndiyo itokayo kwanza.

Lakini nahodha hafanyi asichoagizwa. Usipomwambia azitawanye nakala, aweza kuweka mbili au hata zote tatu katika mashine moja. Hapo una nakala tatu kwa hesabu, bali kwa kweli una paa moja, kama mali ile ya Ujiji.

7. Mashauri matano ya kazi

Kwanza, ongeza mapema. Kihenge kilichojaa mpaka juu hakina nafasi ya kugeuzia nafaka. Na diski iliyojaa haina nafasi ya kupokea fungu lihamalo.

Pili, fahamu kwamba Kubernetes yaweza kuagizwa kupanua diski ya kudumu, ikiwa aina ya hifadhi inayotumika inaruhusu. Kuipunguza hairuhusu. Panua kwa kadiri ya haja, si kwa majivuno.

Tatu, kuongeza mashine si mwisho wa kazi. Hakikisha mafungu yamehamia kwake. Nimesikia watu wakishangaa kwamba mashine mpya iko tupu huku za zamani zinafurika.

Nne, unapopunguza, hamisha mafungu kwanza, ndipo uondoe mashine. Tena moja baada ya nyingine. Penye nakala tatu, ukiondoa mbili kwa pamoja umevunja akidi.

Tano, nakala hizi hazifuti haja ya akiba ya siku zilizopita. Mtu akifuta jina la mteja kwa makosa, nakala zote tatu zitalifuta kwa utii mkubwa. Sharti iwepo akiba ya jana na ya juma lililopita, imewekwa mbali, na ijaribiwe mara kwa mara kama yasomeka.

8. Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji kompyuta wala umeme. Chagua wanafunzi watano, A, B, C, D na E, kila mmoja na daftari lake. Wote waandike: Baba Sh. 100,000, Mtoto Sh. 0. A awe mkuu, na kipindi chake kiitwe awamu ya 1.

Baba ataka kumpelekea mtoto Sh. 40,000. A aandike, awapelekee wenzake vikaratasi. B na C wakijibu "Nimeandika", wamekuwa watatu pamoja na A, basi A amwambie baba, "Imekubaliwa." Baadaye D na E nao waandike. Baba amebakiwa na Sh. 60,000.

Sasa A na B waingie chumba kingine, mlango ufungwe. Nje, C, D na E waone kwamba mkuu hajibu. Wamchague C, mwenye daftari lisilo nyuma ya mwenzake yeyote, na awamu iwe ya 2. Baba alipe Sh. 60,000 kwa mwenye duka kupitia kwa C. Wakati ule ule, mtu mwenye simu ya pili ya baba aingie chumbani na kumtaka A alipe Sh. 60,000 kwa fundi baiskeli.

Itakuwaje? C atapata watatu, malipo yatakubaliwa. A atapata wawili tu, yeye na B, wala hatathubutu kusema "Imekubaliwa." Mlango ukifunguliwa, A atasikia kwamba awamu ya 2 imeanza; ataacha ukuu, atafuta mstari wake usiokubaliwa, na kunakili daftari la C. Rudieni jaribio bila sharti la akidi, nanyi mtaona Sh. 60,000 zikilipa madeni ya Sh. 120,000, na mmoja wa wale wawili akidhulumiwa. Mchezo huu unafanana sana na utaratibu uitwao Raft, uliotolewa na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Stanford mwaka 2014.

Wazazi, mkiuliza watoto wenu wanajifunza nini katika hesabu za kompyuta, mojawapo ni hili: kutunza neno la mtu ili lisigeuke wala lisipotee, hata mashine moja ikifa na njia moja ikikatika.

Maswali ya kujijaribu

1. Mashine sita zina gigabaiti 200 kila moja, na kila habari ina nakala tatu. Nafasi ya habari ni kiasi gani?
2. Penye nakala saba, akidi ni ngapi, na ngapi zaweza kupotea bila kazi kusimama?
3. Wateja ni namba 0 hadi 19. Tuligawanya kwa 4, sasa twagawanya kwa 5. Wangapi watahama? Kwa njia ya mafungu 20, yangehama mangapi?

Majibu: (1) Gigabaiti 400. (2) Akidi 4. Zaweza kupotea 3. (3) Watahama 16. Kwa njia ya mafungu yangehama 4.